Hatua Arobaini Kutoka Jukwaani

Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha ualimu walikuwa na mchezo wao wa kupitisha muda. Walikuwa wakimletea Ndambuki viatu vya kushona, wanakaa kwenye benchi lake nyuma ya soko la Machakos, mguu mmoja na kiatu na mwingine na soksi, kisha wanabishana: ni bendi gani ya roki ambayo kila mmoja anajuta kwamba hakuiona ikipiga mbele ya macho yake? Huyu alitaja Waingereza waliovunja kundi lao kabla mama yake hajaolewa. Yule alitaja Wamarekani ambao mpiga gita wao alizikwa zamani. Walizijua bendi hizo kwa redio za FM na kaseti za kunakiliwa, lakini walizililia kama watu waliofiwa nyumbani.

Siku moja msichana aliyeitwa Emily akamgeukia fundi mwenyewe. "Na wewe mzee? Ama wewe ni mtu wa nyimbo za kanisa tu?"

Ndambuki alikuwa ameshika uzi kwa meno. Akautoa. "Mimi niko na moja," akasema. "Ilikuwa hatua arobaini kutoka mahali nilikuwa nimesimama."

Walicheka, wakidhani ni mzaha wa wazee. Hakuwaeleza. Na huyu ni mtu ambaye, ukimuuliza habari ya sheria za kazi, atakueleza kuanzia mkoloni hadi juzi, na kiatu chako kitakaa hapo hapo bila kisigino mpaka amalize. Lakini hilo la bendi lilimkaa kooni.

Bendi yenyewe iliitwa Vumbi la Kola. Usiitafute dukani. Haikuwahi kuingia studio, haikuwahi kuchezwa redioni. Walikuwa watu wanne kutoka Kola waliopiga roki kwa Kikamba, wakati ambapo kila mtu aliwaambia wapige benga la harusi wapate kula. Kiongozi wao alikuwa Rodgers, na kabla ya kuwa kiongozi wa bendi yoyote, Rodgers alikuwa mtu wa meza moja na Ndambuki katika kiwanda cha ngozi huko Athi River.

Kiwanda hicho Ndambuki hakitaji kwa jina hadi leo. Husema wenyewe watafurahi wakitajwa. Kazi ya wale wawili ilikuwa kuchukua ngozi mbichi zikitoka kwenye maji ya chokaa, kuzilaza mezani na kukwangua nyama na mafuta. Chokaa ile hula. Ilikula nywele za ng'ombe kama ilivyokusudiwa, kisha ikala kucha za watu, na hilo halikumsumbua aliyeinunua. Glavu zilikuwako kwenye karatasi alizoonyeshwa mkaguzi. Mikononi hazikuwahi kufika. Rodgers alipopoteza kucha za mkono wa kulia hadi akashindwa kucharaza nyuzi za gita, alichukua kipande cha pembe pale kiwandani, akakichonga kwa kisu cha kazi hadi kikawa chembamba kama ukucha. Akawa anapigia hicho. Saa ya mapumziko alikigongagonga ukingoni mwa meza, na Ndambuki, ambaye hajui kuimba hata kidogo, alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Mwaka wa tisini na tatu Rodgers aliacha kazi akarudi Kola. Amplifaya yake aliitoa kanisani, iliyokuwa imetupwa; spika yake ilikuwa na mpasuko, na mpasuko huo ndio uliotoa mkwaruzo aliokuwa akiutafuta. Ngoma alimpa Mutheu, binti aliyepiga ngoma ya gwaride tangu shule ya msingi, mwenye viwiko vya mtu anayetwanga. Siku ya kuagana Rodgers alimwekea rafiki yake sharti. Asije Kola kusikiliza mazoezi. Siku Vumbi la Kola itakapopiga mara ya kwanza mbele ya watu, Ndambuki atasimama mbele kabisa, na kabla ya hapo hasikii hata wimbo mmoja. Ndambuki aliapa. Akangoja mwaka mzima.

Kisha ukaja mgomo.

Ilikuwa Agosti ya tisini na nne. Walidai glavu na gambuti; jambo la aibu kwamba mtu mzima agome kwa ajili ya gambuti, lakini aibu hiyo si ya aliyegoma. Siku ya tisa wakubwa walipata akili mpya. Walitengeneza jukwaa uani karibu na mahali malori yanapopakiwa, wakatangaza muziki wa bure kwa wafanyakazi wote. Atakayeingia atoe tu kadi yake ya kazi langoni. Watu walianza kusogea. Ndambuki, aliyejisomea mwenyewe baada ya kutolewa darasa la sita na asiyeruka maandishi madogo, alisoma tangazo hadi chini kabisa, na huko chini iliandikwa kwamba kadi ikishapokelewa mwenyewe amerudi kazini kwa masharti yaliyokuwapo.

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi hiyo, na juu ya jukwaa akaona kitambaa kimeandikwa kwa rangi nyekundu: VUMBI LA KOLA.

Hakuna siku damu yake ilichemka kama siku ile. Alichukua kipaza sauti cha chama cha wafanyakazi, kile cha mkononi chenye umbo la tarumbeta, akasimama langoni. Aliwaambia wenzake wagonge mapipa na sufuria kwa nguvu zote ili asisikike mtu mwingine. Wao wakagonga na yeye akapiga kelele, tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Hakuna aliyeingia. Uani hapakuwa na mtu ila wakubwa wachache kwenye viti vya plastiki, na kule mbele, hatua arobaini, watu wanne wakipiga vyombo ambavyo hakusikia hata sauti moja yake. Aliona tu mikono ikienda.

Baada ya siku mbili polisi walimchukua. Uchochezi, walisema. Akakaa ndani miezi sita. Glavu zilitolewa mwezi wa Januari akiwa huko huko ndani. Hilo hajalisahau na hataki mtu alisahau. Alipotoka hakuwa na kazi, na Rodgers alikuwa amezikwa Kola wiki tatu kabla. Kifua. Watu wa chokaa hufa kwa kifua, na cheti huandika jina lingine.

Kutoka Machakos hadi Kola si mbali, lakini kwa miaka kumi Ndambuki hakukanyaga huko. Alifanya kitu kingine. Kila mteja aliyetoka upande aliokuwa amewahi kusikia bendi ilifika, alimuuliza. Kumbe katika miezi ile yeye akiwa ndani, walipiga mara tatu au nne. Muuza vitunguu wa Kithimani alimwambia walipiga siku ya soko, na mama mmoja mzee alicheza hadi leso ikaanguka na hakuiokota. Mwalimu mmoja alisema Rodgers alipiga akiwapa watu mgongo, kichwa karibu na spika, kama anayesikiliza mlango. Mwingine alisema zilikuwa kelele tupu. Huyo viatu vyake vilishonwa vibaya.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na bendi yake: vipande vipande, midomoni mwa wengine. Na katikati ya vipande kulikuwa na swali moja lisilo na wa kulijibu, kwa kuwa wa kulijibu alikuwa chini ya udongo. Rodgers aliuza rafiki zake siku ile, au hakuuza? Na alikufa akimwonaje yeye, aliyeapa kusimama mbele kabisa?

Siku chache baada ya maneno ya Emily, Hashi alikuja na makubadhi yaliyokatika. Hashi ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa Machakos mjini miaka mingi. Zamani alipeleka ngozi mbichi kwa lori kule kiwandani, na wakati wa mgomo alikataa kupita katikati ya wagomaji, jambo ambalo Ndambuki humwekea akiba ya heshima. Safari hii hakukaa. Alisimama akimwangalia fundi kama mtu anayeangalia picha.

"Warya Ndambuki," akasema, "wewe uko ndani ya barua yangu."

Ilibidi aeleze. Dada yake Fosia alikuwa amehama Garissa kuja kuishi naye, na katika mizigo yake kulikuwa na katoni ya kaseti. Zamani wao hawakuandikiana. Mtu aliwasha kinasa sauti, akaongea habari za nyumbani kama vile yuko mbele ya mwenzake, akampa dereva kaseti. Fosia hakutupa hata moja. Juzi walikuwa wakizisikiliza, wakicheka sauti za ujana, na binti yake Hashi, Anab, akauliza: baba, ni nani huyo anayepiga kelele nyuma yako?

Siku ile ya tisa ya mgomo Hashi alikuta lango limezibwa na wagomaji. Aliegesha lori kando ya ua wa waya, katikati ya jukwaa na lango, akakaa ndani ya gari akimrekodia dada yake habari hadi kaseti ikaisha.

Walisikiliza katika stoo ya Hashi, juu ya magunia ya chumvi. Kwanza palikuwa na Hashi mwenyewe, kijana, akieleza kwa Kisomali habari za goti la mjomba. Na nyuma ya goti la mjomba, kwa mbali, kama mtu anayekata bati akiwa na furaha, gita.

Ndambuki alishika ukingo wa gunia.

Alikuwa amelifikiria gita hilo kwa miaka kumi na moja, na hakuwa amelikisia sawa. Lilikuwa chini zaidi, zito, na mkwaruzo wake haukuwa wa hasira kama alivyodhani. Ngoma za Mutheu zilitembea chini yake kama mtu apandaye mlima asiyetaka kupumzika. Kisha muziki ukakatika, na sauti ikaja kutoka kwenye maikrofoni, kwa Kikamba, lugha ambayo Hashi haijui na wakubwa kwenye viti vya plastiki hawakuijua. Wapiga gita wa Ukambani huwa na desturi ya kusalimia watu kwa majina katikati ya wimbo, na anayesalimiwa hujivunia mwezi mzima. Rodgers alikuwa akisalimia.

"Ndambuki," sauti ikasema, "usiingie. Na hao wote ulio nao wasiingie. Hawa wametuleta tuwavute ndani. Sisi tumegeuza spika, zinaangalia nje. Leo tunapigia lango."

Na papo hapo, juu ya maneno hayo, kwa kipaza sauti, sauti nyingine ambayo Ndambuki aliijua vizuri mno:

"Vibaraka! Rodgers, umeuza mikono yetu!"

Gita likaanza solo. Mapipa yakalia, sufuria zikalia, na yule wa kipaza sauti akaendelea kutukana. Solo haikusikika. Unajua tu kwamba iko hapo chini, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Yule mtu wa langoni aliifunika yote, hadi kaseti ikakatika.

Hashi alizima mashine. Aliuliza kama ni habari mbaya. Ndambuki alimwambia kwamba hapana, ni habari njema iliyochelewa, kisha akaomba kaseti. Hashi alifikiri kidogo. Upande wa pili, akasema, kuna sauti ya mama yao, na mama yao hayupo tena. Atampa, lakini kisibonyezwe kile kitufe chekundu cha kurekodi hata kwa bahati mbaya, na irudi kabla ya Ijumaa.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda Kola.

Mutheu alikuwa na kinu cha kusaga mahindi karibu na soko, nyumba ya mabati yenye injini ya dizeli. Alikuwa amenenepa, nywele nyeupe kwa unga au kwa umri, usingejua. Alimtambua kabla hajasema jina. Alimaliza kusaga debe lililokuwapo, akazima injini, akamtolea kiti, na kuwaambia wanawake watatu waliobaki foleni wampe nafasi kidogo, amepata mgeni wa zamani.

"Umekawia," akamwambia.

"Nimekawia."

"Nilijua utakuja, lakini nilidhani utakuja matanga yakiwa bado."

Ndambuki akasema alikuwa ndani. Mutheu akasema anajua, wote walijua, na Rodgers alitaka kwenda kumwona huko akazidiwa na kifua. Kisha akatabasamu, akafuta mikono kwa aproni, na kumwambia jambo ambalo hakuwa tayari kulisikia.

"Unajua siku ile tulirudi kwa pikapu yao, uwanja mtupu, vijana wamekasirika. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia. Rodgers peke yake ndiye alikuwa na furaha. Ati, mmemwona Ndambuki? Mdomo wake haukufungwa. Ameimba na sisi mwanzo hadi mwisho." Akacheka. "Hata akiwa kitandani alikuwa anairudia hiyo. Hakuna mtu alimpinga. Hata sisi tulikuona. Ulikuwa unaimba kweli."

Kaseti ilikuwa mfukoni mwa koti, imefungwa kwa leso. Hapo ndipo Ndambuki alipoelewa ameibeba nini. Swali lake lilikuwa limejibiwa: Rodgers hakuuza mtu, na alikufa akiamini rafiki yake alitimiza ahadi. Angeweza kunywa chai, kumsifu marehemu na kurudi Machakos, na hilo lingebaki zuri milele. Lakini miaka yote amewalaumu wakubwa kwa kuandika jambo moja kwenye cheti na kuficha lingine.

Akatoa leso, akaifungua.

"Niko na sauti ya siku ile," akasema. "Yenu na yangu."

Redio ya Mutheu ilikuwa juu ya rafu, imefunikwa plastiki kwa ajili ya unga. Aliweka kaseti. Hashi akaanza na goti la mjomba, na Mutheu akauliza huyo ni nani, akaambiwa. Kisha ngoma zikaingia, na yeye akasimama. Viwiko vyake vilisogea kidogo. Rodgers alipotaja jina la Ndambuki, Mutheu aliziba mdomo kwa mkono. Na kisha ile sauti nyingine ikaja, vibaraka, umeuza mikono yetu, na yote yaliyofuata, mpaka kaseti ikakatika.

Wale wanawake wa foleni walikuwa wamesogea karibu.

"Kumbe," Mutheu akasema.

Hakumwangalia. Alikwenda kwenye injini, akaizungusha, ikawaka kwa kishindo. Akachukua debe la mwanamke wa kwanza akalisaga, la wa pili akalisaga. Ndambuki alikaa kwenye kiti chake unga ukimtua mabegani. Hakuna neno lingesikika hata kama angekuwa nalo, na kwa mara ya kwanza maishani alishukuru kwa kelele za mashine ya mtu mwingine. Alifikiri ainuke aende, akakumbuka kaseti ya Hashi bado iko kwenye redio. Akabaki.

Mutheu akazima tena injini. Macho yalikuwa mekundu. Huenda ni unga.

"Huyo alikufa na furaha yake," akasema, "na hutamfikia uko na kaseti. Mimi ndiye umeniletea."

"Ndiyo."

"Kwa nini umeniletea?"

Ndambuki, mtu aliyewahi kuhutubia saa nne bila maji, akasema tu kwamba wao walipiga, na yeye hakusikia, na hakutaka afe watu wakisema alisikia.

Mutheu akavuta ndoo tupu, akaigeuza chini juu, akaikalia mbele ya redio.

"Rudisha," akasema. "Pale anaanza solo."

Ndambuki akarudisha, akikwepa kitufe chekundu kama nyoka. Salamu zikapita. Matusi yakaanza. Na hapo, chini ya sauti ya mtu wa langoni, Mutheu akaanza kuiimba. Hakuimba maneno, solo haina maneno. Aliimba gita lenyewe kwa pua na koo, vidole vikigonga kando ya ndoo. Alijua kila mahali liliposimama na kila mahali liliporuka. Lilipanda pole pole, likajikwaa kwa makusudi, likashuka kama mtu anayeteremka kilima cha Iveti mbio mikono wazi. Mahali pamoja akainua kidole, maana yake, hapa alivuta uzi mmoja tu, kwa kile kipande cha pembe, muda mrefu kuliko tulivyofanya mazoezi, akiangalia lango.

Ndambuki alisikiliza mdomo umefungwa. Kwenye kaseti kijana fulani mwenye kipaza sauti alikuwa akiendelea na mambo yake, lakini sasa alikuwa mbali.

Kaseti ilikatika kabla solo haijaisha. Mutheu hakukatika.

Mwanamke wa tatu, aliyekuwa bado na debe lake la mahindi kichwani, akauliza kwa upole kama wamemaliza, asagiwe aende kupika.

Mutheu akatikisa kichwa bila kuacha ndoo.

"Bado," Ndambuki akamjibu kwa niaba yake.